Mke Amfuate Mumewe Bara?



Swali hili limetufikia mara nyingi kutoka kwa mama zetu na dada zetu wa pwani: mume amepata kazi au duka huku Kiminini, kati ya Kitale na Bungoma. Je, mke na watoto wamfuate, au wabaki Mombasa, Malindi au Lamu wakimngojea kila Idi? Sisi tunaoishi huku tunajibu kwa tuliyoyasoma na kwa tunayoyaona.

Rai yetu ni kwamba wamfuate. Nyumba iliyogawanyika kwa zaidi ya kilomita 800 haichukui miaka mingi kuanza kuingia maji. Watoto humjua baba kwa sauti ya simu na nguo za sikukuu, na mama hubeba malezi peke yake. Lakini si haki mume kumwita mkewe kabla hajapata nyumba yenye maji na mlango unaofunga, kabla hajajua chuo cha Qur'ani kiko wapi, na kabla hajamuuliza yeye mwenyewe. Amri ya simu moja, "fungasheni mje," si mashauriano.

Wapo waume walioishi huku miaka minne au mitano na bado wanapunguza sala, wakidai kwao ni pwani na huku ni safarini tu. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hukumu ya safari imemwondokea. Mwenye duka na mkataba wa nyumba atamwambia nani kuwa ni msafiri?

Tuje kwenye jiko, maana huko ndiko mgeni huanza kulia. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Kiminini haiko mbali na kimo hicho. Maji huku huchemka kabla ya kufika nyuzi 95, kwa hiyo maharagwe hukaa motoni muda mrefu na wali huhitaji subira. Unga wa mahamri hauumuki kwa saa zile za pwani. Uwekwe karibu na jiko. Mafuta ya nazi huganda chupani, na asiyejua hudhani yameharibika. Samaki ni wa ziwani, sato na omena, si changu wala nguru. Mrenda na managu mke mgeni atavikataa mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu atamwagiza jirani mbegu. Mablanketi yatangulie kuliko mapambo, kwani baridi ya Julai haina simile.

Jambo zito zaidi ni nyakati za sala. Jua hutofautiana dakika 4 kwa kila digrii moja ya longitudo, na Kiminini iko magharibi ya Mombasa kwa karibu digrii 5. Kwa hiyo Magharibi ya huku huchelewa kwa wastani wa dakika 19, huzidi au kupungua kwa msimu. Mwenye kufuturu kwa adhana ya redio ya Mombasa amekula jua likiwa bado liko juu ya ardhi, naye analipa siku ile. Alfajiri nayo ni vivyo hivyo: anayeacha daku kwa saa ya Mombasa hakudhurika, lakini anayesali kwa saa hiyo amesali kabla ya wakati. Kibla kadhalika. Mombasa tunaelekea kaskazini moja kwa moja. Hapa tunageuka kulia, kuelekea mashariki, kwa digrii kama 13.

Sasa majirani. Baada ya Vita Vikuu vya kwanza, serikali ya Uingereza iliwagawia askari wake mashamba ya Trans Nzoia kwa mpango wa mwaka 1919, ardhi ambayo ilikuwa na wenyewe. Reli ikafika Kitale mwaka 1926. Wageni wale walikuwa na klabu yao, na kwa watumishi walisema Kiswahili cha kuamrisha tu, kilichopewa jina la Kisetla. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 wengi walikwisha kuuza au wakauza wakaondoka. Hivi leo Waingereza wanahamia kusini mwa Uhispania, katika Andalusia ile iliyokuwa ya Waislamu mpaka Granada ilipoanguka mwaka 1492, na wamo wanaozeeka kule bila kumudu Kihispania cha kumweleza daktari maradhi yao. Tunawataja si kwa kuwacheka. Familia ya pwani inayojifungia Kiminini, isimjue yeyote ila Waswahili wenzao watatu, inafanya yale yale.

Wabukusu husalimiana "mulembe", na maana yake ni amani. Anayetoa salamu yetu kila siku hatashindwa na neno hilo. Mtume (s.a.w.) alimwagiza Zayd bin Thabit ajifunze lugha ya Mayahudi, naye akaimudu kwa muda wa nusu mwezi. Heshima ya mgeni kwa Wabukusu ni kuku, na jirani akishajua dini yako, aghalabu atakuletea akiwa hai umchinje mwenyewe. Nawe upeleke sahani ya pilau. Abu Dharr aliagizwa aongeze maji ya mchuzi ili jirani apate, na mchuzi wa nazi haukutolewa katika agizo hilo.

Ama dada anayelia usiku kwa kuikumbuka bahari, asikaripiwe kuwa hana shukrani. Masahaba walipohamia Madina, Bilal alishikwa na homa akawa anaimba kwa kuyatamani mabonde ya Makka. Mtume hakumkemea, aliomba Mwenyezi Mungu awapendezeshe Madina kama walivyoipenda Makka. Mume naye ampe mkewe nauli ya kwenda kwa mamake wakati wa likizo, bila kuhesabiana.

Na jamaa watakaokuja kuwatembelea wasibebe sukari, kwa kuwa mashamba ya miwa ya Nzoia tumepakana nayo. Walete nazi.