Ukirithisha roboti, rithisha na akili yake

Leo naweka kando mambo ya kazi, nizungumzie sanduku lililo chini ya meza yangu hapa Mbita. Ndani mna roboti za Lego Mindstorms, kuanzia RCX iliyotoka mwaka 1998 hadi EV3 ya mwaka 2013. Ni kwa RCX hiyo, niliyoinunua mtumba, ndipo nilipojifunza kuandika programu. Lego waliifunga Mindstorms mwishoni mwa 2022.

Marafiki wananishauri niziuze kwa wakusanyaji wa ng'ambo. Wengine wanasema nizipange kwenye kabati la kioo. Mimi nakataa yote mawili. Mtaani kwetu kuna watoto wanaounda magari ya waya, na mitumbwi ya ndara kuukuu inayoelea kweli kweli. Hao ndio warithi wangu.

Lakini hapa ndipo wengi wetu hukosea: tunagawa vifaa, tunasahau programu. Chukua RCX. Programu yake ya ndani hukaa kwenye kumbukumbu inayotegemea betri. Toa zile betri sita, uchelewe kuzirudisha, imesahau kila kitu. Kuirejeshea unahitaji kimnara chake cha infraredi, na vile vya kwanza huchomekwa kwenye tundu la siriali, ambalo laptopu za leo hazina. Kumpa mtoto RCX tupu ni kumpa mtumbwi bila kafi.

Nilijifunza kwa aibu. Nilimpa binti wa jirani RCX moja, nikajiona mkarimu. Baada ya wiki akairudisha. "Mjomba, imekufa." Haikufa. Akili yake ilikuwa imebaki kwangu, kwenye diski.

EV3 ina afadhali. Inaendeshwa na Linux na ina tundu la kadi ya microSD. Weka ev3dev kwenye kadi, mtoto ataandika Python bila kugusa programu ya Lego. Chomoa kadi, inarudi ilivyokuwa. ev3dev ni programu huria. Msimbo wake uko wazi, hivyo hauhitaji ruhusa ya kampuni ili kuendelea kuutumia na kuurekebisha. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo bima pekee ya kifaa kilichoachwa na mwenyewe.

Kwa hiyo sanduku linaondoka na kila kitu: kimnara, kebo ya kugeuza siriali kuwa USB, laptopu yangu ya zamani, kadi, nakala mbili za diski na daftari la maelezo kwa Kiswahili. Sharti ni moja: atakayekua naye arithishe hivyo hivyo.

Najua watakachobomoa kwanza ni roboti yangu ya kwanza, ili wapate vipande. Ni haki yao. Ila siku hiyo naomba nisiwepo.

Na wewe, umeficha nini chini ya meza?