Usiseme "Dawa Zimemkataa"

 

Leo sikuletei neno tamu. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu matanga ya juzi, na nitalisema hata kama baadhi yenu mtaacha kunifuata.

Hapa Komarock kuna maneno yanayoua watu: "Alikuwa sawa mpaka alipoanza ARV." Umeyasikia. Pengine umeyasema. Mtu amepimwa, amekutwa na virusi, ameanza dawa. Wiki ya tatu homa inapanda, tezi za shingo zinavimba, usiku analowa jasho. Mama wa maombi anasema dawa zimemkataa. Nabii wa kwenye simu anamwambia azitupe kwa imani. Anazitupa. Kinachofuata mnakijua, kwa sababu ninyi ndio huchanga pesa za jeneza.

Sikiliza. Mara nyingi kinachojitokeza hapo ni kifua kikuu kilichokuwa kimejificha mwilini. Kinga ilikuwa imelala kama soja wa geti, mwizi yuko ndani ya nyumba na hakuna kelele. ARV zikimwamsha soja, anamkabili mwizi, na hapo ndipo unasikia vurugu. Sasa wewe unamfukuza soja kwa sababu ya kelele, halafu unamwachia mwizi nyumba?

Hali hii hutokea zaidi miezi 3 ya kwanza, hasa kwa aliyechelewa kupimwa mpaka kinga ikashuka sana. Usitupe dawa. Rudi kliniki upesi. Kutoka Komarock mpaka Mama Lucy si mbali. Sema kila dalili: kikohozi hata cha siku moja, homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Usingoje kukohoa damu. Mwenye HIV anaweza kuwa na TB na asikohoe sana. Ikipatikana TB, matibabu ya kawaida ni miezi 6, na dawa zake hazilipiwi katika hospitali za umma. Isipopatikana, uliza dawa za kuikinga.

Tena mwambie daktari kila kitu unachomeza. Rifampicin, mojawapo ya dawa za TB, hupunguza nguvu ya dolutegravir iliyo kwenye ARV, kwa hiyo kipimo huongezwa. Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa, ni rifampicin hiyo. Si uchawi.

Najua mtasema, "Pasta, imani yako imepoa." Fungua Luka 17. Yesu aliwatuma wenye ukoma kumi wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kazi yao ilikuwa kukagua ngozi. Aliyeponya hakuogopa kukaguliwa. Fungua 2 Wafalme 5. Naamani aliambiwa ajichovye mara saba. Angetoka mtoni mara ya tatu akisema maji yamemkataa, angerudi Shamu na ukoma wake.

Mwaka 2011 maelfu walisafiri mpaka Loliondo, Tanzania, Wakenya wakiwemo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Wako walioacha ARV wakiamini wamepona. Virusi havikuacha kazi. Tumesahau haraka hivyo?

Nami naamini Mungu anaponya. Nitakuwekea mikono na kesha nitakesha nawe. Lakini sitasimama madhabahuni nikuambie utupe dawa, na yeyote anayekuambia hivyo, muulize kama atawalisha watoto wako ukiondoka. Na kipimo kikionyesha virusi havionekani, mshukuru Mungu, kisha uendelee kumeza. Havionekani kwa sababu dawa zinafanya kazi.

Ndugu, dada, wiki hii fikiria mtu mmoja aliyeanza ARV karibuni na sasa amelala kitandani. Usiulize alivipata wapi. Usiandike jina lake hapa chini. Mpigie simu, fungua madirisha ya chumba chake hewa ipite, umsindikize hospitali, na ukae naye kwenye foleni. Hiyo foleni ndiyo ibada yako.

Baba, utusamehe ulimi uliowatoa watoto wako kwenye dawa. Wape nguvu walio katika wiki hizi ngumu, wamalize mara saba zao. Katika jina la Yesu. Amina.