Pepo Haingii kwa Pedi

Kuna imani ambayo hapa mkoani Mara imekuwa kama sheria: kwamba gemu za kutisha ni mlango wa mashetani. Utaisikia Nyasho mjini Musoma, utaisikia stendi ya Bunda, utaisikia Butiama kwenye mahubiri. Kijana akiota vibaya, akifeli mtihani au akipoteza usingizi, kibanda cha gemu ndicho hushtakiwa kwanza. Naipinga imani hiyo, tena kwa kutumia gemu ambayo wanaolaani wangeikimbia kuliko zote: Parasite Eve.

Kampuni ya Square ya Japani iliitoa mwaka 1998 kwa PlayStation, kutokana na riwaya ya Hideaki Sena iliyotoka mwaka 1995. Inaanza mkesha wa Krismasi wa 1997 katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Mwimbaji wa opera anapandisha sauti, na watu walioketi wanawaka moto, moto unaotoka ndani ya miili yao wenyewe. Askari Aya Brea haungui. Hapo mhubiri atasema, mmeona? Basi atazame Aya na askari wenzake wanafanya nini baadaye. Hawatafuti mchawi wala hawamkamati jirani. Wanabisha hodi kwa mwanasayansi kwenye jumba la makumbusho, kisha anakuja mwingine kutoka Japani kuwasaidia, na jibu linapatikana ndani ya seli: mitokondria, zile chembe zinazozalisha nguvu ya mwili, ambazo kila mmoja wetu amezirithi kwa mama yake.

Kwamba mitokondria zinaweza kuasi na kuchoma watu ni hadithi. Yaliyo nyuma yake si hadithi. Mwaka 1967 mwanabaiolojia Lynn Margulis aliandika kwamba zamani sana chembe hizo zilikuwa bakteria wanaojitegemea, wakaingia ndani ya seli nyingine wakabaki humo. Leo hayo yanafundishwa darasani. Mwaka 1987 wanasayansi Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson walifuatilia mitokondria za watu wa mabara mbalimbali, wakafika kwa mama mmoja aliyeishi Afrika yapata miaka 200,000 iliyopita. Ndiye wanayemwita Eve, Hawa. Vijana wa Musoma tuliocheza nakala ya kuchomwa, kamusi ya Kiingereza ikipita mkono hadi mkono, tulilijua neno mitokondria kabla mwalimu wa baiolojia hajaliandika ubaoni. Shetani gani anafundisha baiolojia?

Na uchezaji wake haukuwa wa pupa. Huwezi kufyatua risasi mfululizo. Unangoja mstari wa muda ujae, huku ukikwepa. Mizigo unayoweza kubeba ina kikomo, kwa hiyo unaamua uache dawa au uache risasi. Ukitaka kuhifadhi ulipofika, sharti uifikie simu, na umeme ukikatika kabla ya hapo unaanza upya. Sijui somo la subira lililo kali kuliko hilo.

Wanaosema hadithi za kutisha ni za kigeni wamesahau kwao. Mazimwi ya bibi zetu yalimeza vijiji vizima. Na mwaka 1963 Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama hiyo hiyo, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, ambamo mzimu wa Kaizari aliyeuawa unamtokea Brutus usiku hemani. Hakuna aliyesema Mwalimu ameingiza pepo nchini. Tulisema ameipa lugha yetu heshima.

Hofu inayoua Kanda ya Ziwa ni nyingine kabisa. Bibi vizee wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe katika miaka yote ya kutupikia. Waliowaua hawakufunzwa na gemu. Walifunzwa kwamba kila msiba una mtu wa kulaumiwa na kwamba hakuna haja ya kuuliza chanzo. Anayemwambia mzazi kuwa ndoto mbaya za mwanawe zinatoka kwenye pedi ya gemu anatumia hesabu ile ile: woga kwanza, mshtakiwa baadaye, uchunguzi kamwe.

Sitetei kila kitu. Gemu hii Marekani ilipewa alama ya miaka 17 na zaidi, na ilistahili. Mtoto wa darasa la tatu hana kazi mbele yake. Mwanafunzi anayetoroka shule kwenda kibandani arudishwe shule. Hata mfululizo wenyewe ulishuka: sehemu ya pili, ya mwaka 1999, iliifuata gemu ya Resident Evil mno, na The 3rd Birthday ya mwaka 2010 ilimdhalilisha Aya, nguo zikimchanika kila anapojeruhiwa, na sayansi ikasukumwa pembeni. Hayo ni makosa ya kweli, yanajadilika kwa hoja. Pepo hajadiliki, ndiyo maana wavivu wa kufikiri wanampenda.

Wenye vibanda, andikeni umri mlangoni na muuheshimu. Wazazi, ketini na vijana wenu dakika chache mwaulize wanachokiona. Nanyi wahubiri wa Musoma, Bunda na Butiama, mkipanda tena jukwaani kukemea hofu, anzeni na bibi mwenye macho mekundu, mtetezeni kwa jina lake mbele ya majirani zake.