Msimbo wa Malipo Usiishie Chumba cha Upasuaji

Tarehe 1 Machi 2024 kitita kipya cha mafao cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kilianza kutumika, kikichukua nafasi ya kile cha mwaka 2016. Baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wa Mfuko, na mjadala uliosikika nchini ulihusu zaidi ada ya kumwona daktari na bei za dawa. Huduma za utengamao, yaani fiziotherapia, tiba kazi, tiba ya matamshi, viungo bandia na vifaa saidizi, hazikupata nafasi kubwa katika mvutano huo. Ukimya huo una gharama, na sehemu yake hulipwa kwa fedha za umma.

Kitita ni orodha ya huduma, na kila huduma ina msimbo na bei yake. Kituo hujaza msimbo katika fomu ya madai, na Mfuko hulipa kwa kila huduma iliyotolewa. Kwa hiyo msimbo si jambo la karani wa ankara peke yake. Huduma isiyo na msimbo hailipwi. Isiyolipwa hutolewa kwa hisani au haitolewi kabisa. Na isiyoandikwa haionekani katika takwimu zinazotumika kupanga bajeti ya mwaka unaofuata. Hata huduma yenye msimbo hufifia polepole iwapo bei yake haifikii gharama ya mtaalamu, chumba na muda.

Kariakoo ni mahali panapoonyesha uzito wa jambo hili. Uchumi wa soko hilo hubebwa mabegani na miguuni: wachukuzi wa marobota, wasukuma mikokoteni, waendesha maguta na bodaboda, mama lishe, na wamachinga wa mitaa ya Msimbazi na Kongo. Mchukuzi aliyevunjika paja atapelekwa Muhimbili, kilomita chache tu kutoka sokoni. Upasuaji, chuma, dawa na kitanda cha wodi vitakuwa na mistari yake katika ankara. Baada ya kuruhusiwa, anatakiwa kurudi kwa mazoezi tiba mara nyingi kwa wiki kadhaa, na kila hudhurio humgharimu nauli na kibarua cha siku. Asiporudi, goti hukakamaa na misuli husinyaa. Iwapo matibabu yake yalilipwa na bima au kwa msamaha wa ustawi wa jamii, umma utakuwa umegharamia mfupa ulioungana wa mtu asiyeweza tena kubeba mzigo wala kulisha familia yake.

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, wengine wengi waliokolewa kutoka kwenye kifusi, na Serikali ilitangaza kugharamia matibabu ya majeruhi. Ahadi ya namna hiyo ni ya heshima, lakini inaibua swali ambalo kila kitita hupaswa kulijibu: matibabu huishia wapi? Aliyebanwa na zege kwa saa nyingi anaweza kubaki na madhara ya mishipa ya fahamu kwa miezi mingi. Aliyekatwa mguu huhitaji mguu bandia, mafunzo ya kuutumia, matengenezo, na baada ya miaka kadhaa mguu mwingine. Kama neno "matibabu" litaishia siku ya kutoa nyuzi, sehemu ndefu zaidi ya safari ya mgonjwa itabaki mikononi mwa jamaa zake.

Hata hivyo, kuongeza misimbo tu hakutoshi. Nchini Marekani, bima ya umma ya wazee ilikuwa ikizilipa nyumba za uuguzi kwa kufuata dakika za tiba kwa wiki, na daraja la juu kabisa lilianzia dakika 720. Wagonjwa wengi wakawa wanapewa dakika 720 au zaidi kidogo tu. Tarehe 1 Oktoba 2019 utaratibu ukabadilishwa na malipo yakafuata hali ya mgonjwa badala ya dakika. Muda wa tiba ukashuka mara moja. Maradhi ya wazee hao hayakubadilika katika usiku mmoja. Kilichobadilika ni orodha ya malipo. Ukilipia dakika utapata dakika. Ukilipa bila kupima matokeo, huduma itapunguzwa kimyakimya.

Tanzania inaweza kujifunza kabla ya kuumia. Kwanza, hali kama kuvunjika mifupa mikubwa, kiharusi, kukatwa kiungo na jeraha la uti wa mgongo zilipiwe kwa programu nzima ya utengamao, huku uwezo wa mgonjwa ukipimwa mwanzoni na mwishoni: anatembea umbali gani, anajivisha, amerudi kazini? Pili, misimbo hiyo itumike pia katika hospitali za karibu kama Amana na Mnazi Mmoja, ili mgonjwa asilazimike kufuata mazoezi katika hospitali ya taifa. Tatu, vifaa saidizi viwe na misimbo yake, pamoja na ya kuvitengeneza na kuvibadilisha.

Zipo hoja za kupinga. Mfuko una wajibu wa kulinda michango ya wanachama, na hofu ya madai ya udanganyifu si ya kupuuzwa. Lakini hudhurio ni rahisi kulighushi kuliko maendeleo ya mgonjwa yaliyopimwa. Na kutolipia utengamao hakufuti gharama. Huihamishia kwenye vidonda vya malazi, kulazwa upya, na kijana anayeacha shule ili amwuguze mzazi.

Nchi imekwisha kuikubali kanuni yenyewe. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) huhesabu utengamao miongoni mwa mafao ya mwajiriwa aliyeumia kazini. Mchukuzi wa Kariakoo hana mwajiri, hivyo yuko nje ya ukuta huo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023, inalenga kumfikia yeye pia. Mwezi Mei mwaka huohuo, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuimarisha utengamao ndani ya mifumo ya afya. Kifurushi atakachopewa mchukuzi huyo ndicho kitakachoonyesha kama maneno hayo yana uzito.

Wakati hayo yakisubiriwa, mhudumu wa afya na aandike katika jalada si utambuzi wa ugonjwa tu, bali pia kile mgonjwa anachoweza na asichoweza kufanya. Bila kumbukumbu hiyo hakuna atakayeweza kudai bei ya haki. Mgonjwa naye, kabla ya kuruhusiwa, aulize: mazoezi yangu yanaanza lini, yatafanyika wapi, na nani atayalipia? Iwapo swali la tatu halina jibu, matibabu hayajakamilika.