Walihesabu ili tupone

Septemba 2025 Ebola ilipotangazwa Bulape, mkoani Kasai, dawa iitwayo mAb114 ilipelekwa huko upesi. Sisi wa Mavivi tusiipokee habari hiyo kama ya mbali. Dawa hiyo ilipimwa kwetu, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, na waliopimwa nayo ni ndugu zetu.

Tukumbuke. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ukaisha 25 Juni 2020, ukiwa umeua watu 2,287. Ndege zilipokuwa zikitua Mavivi na wageni na masanduku yao, neno moja lilizunguka hadi makanisani: wanatujaribia dawa. Tukiri kwamba baadhi yetu wachungaji tulinyamaza, na wengine tukalirudia. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Aprili, daktari Richard Mouzoko wa OMS aliuawa Butembo.

Je, walitujaribia? Ndiyo, lakini tuelewe namna gani. Utafiti ule, Pamoja Tulinde Maisha, ulianza Novemba 2018. Zilikuwepo dawa nne, na hakuna aliyejua ipi inaokoa zaidi. Hakuna mgonjwa aliyepewa maji matupu ili atazamwe tu. Kila aliyekubali kushiriki alipata mojawapo kwa kura, pasipo upendeleo wa tajiri wala wa kabila. Sisi tunaosoma jinsi mitume walivyopiga kura akapatikana Mathiya, kura hiyo isitutishe.

Agosti 2019 hesabu ilionyesha ukweli. Kati ya waliopewa ZMapp, karibu nusu walikufa. Kati ya waliopewa mAb114 au REGN-EB3, walikufa kama theluthi moja. Mara moja dawa mbili dhaifu ziliachwa, na wagonjwa waliofuata wakapewa zile mbili bora. Tena, mAb114 ilitokana na damu ya Mkongomani aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995.

Hesabu hiyo isingewezekana bila wauguzi. Wakiwa ndani ya mavazi ya kujikinga yenye joto kali, walipima homa, walihesabu matone ya serumu, waliandika saa na hali ya kila mgonjwa. Bila kazi hiyo, hata leo tungekuwa tunabishana juu ya dawa ipi ni bora.

Lakini dawa nzuri haimwokoi asiyeifikia mapema. Oktoba 2021 Ebola ilirudi Beni: wagonjwa 11, waliokufa 9, na dawa zilikuwa zimekwisha kujulikana. Tena tusisahau kwamba mwaka 2018 watoto wengi wa Beni waliambukizwa katika vituo vidogo walikopelekwa kutibiwa malaria. Ndiyo maana muuguzi wa kwanza, yule wa kijijini, ni mlinzi wa mji mzima. Sindano ikitumiwa mara mbili kwa sababu "ndivyo tulivyozoea", mazoea hayo yanaua.

Basi tufanye nini? Kamati za afya za makanisa yetu ziulize kila mwezi: sabuni ipo? Glavu zipo? Daftari la wagonjwa linaandikwa? Muuguzi anayeuliza maswali mengi tusimwone msumbufu, tumjibu kweli. Wachungaji, kabla ya kusema lolote juu ya ugonjwa mimbarani, tumwite kwanza muuguzi wa parokia tumsikilize. Nasi tudai haki bila woga: watu waliotoa miili yao ili dawa ijulikane wasiwe wa mwisho kuipata.

Paulo aliwafundisha Wathesalonike wapime mambo yote na kushika lililo jema. Kupima si kukosa imani. Tunamwombea mgonjwa usiku, na asubuhi tunamwacha muuguzi apime homa yake na kuiandika. Vyote viwili ni kumpenda jirani.