Robota la nyasi nalo lina lumbesa yake

Masika ikishaisha, wazazi wenye ng'ombe mmoja au wawili ng'ambo ya pili, Kigamboni, huniuliza jambo lisilo la hospitali: anayekata nyasi na kuzifunga marobota alipwe shilingi ngapi? Nalipokea hapa kwa sababu maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yanayovuka Magogoni kwenda kwenye uji wa mtoto.

Wengi hulipa kwa robota. Lakini robota lina kilo ngapi? Likifungwa kwa sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45, nyasi zikishindiliwa vizuri, hufika kilo 20 hivi. Zisiposhindiliwa linapungua sana, na bei ni ile ile. Watu wa Kariakoo mnaijua lumbesa. Hii ni lumbesa iliyogeuzwa, anayepunjwa ni mnunuzi. (Wapo pia matajiri wanaotaka sanduku lijazwe mpaka lipasuke kwa bei ya mwaka juzi. Hao ndio lumbesa yenyewe.)

Anzeni na siku ya mtu. Tuseme mmekubaliana siku ni shilingi 20,000, na ukijumlisha kukata, kugeuza na kufunga anatoa marobota 10 kwa siku. Kila robota lina shilingi 2,000 za jasho lake, kabla ya kamba, na mafuta kama anatumia mashine. Shamba likiwa na visiki atafunga 6 tu. Siku ni ile ile, kwa hiyo bei ya robota lazima ipande. Guta lihesabiwe peke yake.

Kinachonisumbua zaidi ni unyevu. Anayelipwa kwa idadi tu, tena baada ya kukandamizwa bei, hana sababu ya kusubiri siku 2 au 3 za jua. Nyasi zikifungwa na unyevu hupata joto na kuota ukungu, na vumbi lake huumiza mapafu ya ng'ombe na ya anayemlisha, mara nyingi kijana wa nyumbani. Ukungu mwingine kwenye malisho, hasa pumba na mashudu, huacha sumukuvu inayopita hadi kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi.

Basi lipeni nusu siku ya kukata, nusu baada ya kufungua robota moja na kuingiza mkono katikati. Likiwa na joto au harufu ya uvundo, zirudi juani. Nani alipie kuanika upya? Mkubaliane kabla panga halijagusa nyasi. Mvua ikinyesha ghafla, mimi naona hasara ni ya mwenye ng'ombe, si ya kibarua.