Kamba weupe na mtoto mwenye pumu

Kamba wanaoshushwa ufukweni Msimbati asubuhi wasipowekwa barafu mapema, huanza kutoa madoa meusi kichwani siku hiyo hiyo. Mama wengi huwaacha, wakidhani wameoza. Madoa hayo peke yake si uozo. Ni rangi kubadilika tu, kama ndizi iliyomenywa ikakaa wazi.

Ili kuyazuia, wafanyabiashara wa kamba sehemu nyingi duniani hutumia unga wa sodiamu metabaisalfaiti, mmoja wa vihifadhi viitwavyo salfaiti. Unaruhusiwa, ila kwa kipimo. Kiwango cha kimataifa cha Codex ni miligramu 100 kwa kilo ya kamba wabichi, na 30 kwa waliopikwa.

Watu wengi hawadhuriki. Shida ni kwa mwenye pumu: baadhi yao hubanwa kifua dakika chache baada ya kula. Baada ya watu kupoteza maisha, Marekani mwaka 1986 ilipiga marufuku salfaiti kwenye matunda na mboga za kuliwa mbichi.

Kwenye nyama kuna hila nyingine, kwani salfaiti huirudishia wekundu nyama iliyolala. Julai 2019, taarifa ya televisheni ya NTV iliwashtua Wakenya kuhusu nyama ya madukani iliyotiwa kemikali hiyo.

Hapa Tanzania, tangu 2019 usalama wa chakula unasimamiwa na TBS. Hata hivyo, mkaguzi hawezi kusimama kwenye kila ndoo. Mzazi naye ana kazi yake:

• Muulize muuzaji kamba wamehifadhiwa kwa nini. Barafu ndiyo jibu zuri.
• Tumia pua. Kamba wenye harufu kali inayochoma, waache, hata wakiwa weupe pe.
• Ukifika nyumbani, kata vichwa mapema. Weusi huanzia huko.
• Usitegemee kuosha wala kupika kuondoa salfaiti yote.
• Kwenye pakiti za matunda makavu, juisi na soseji, tafuta namba E220 hadi E228, au neno linaloishia na "sulphite".

Mtoto wa pumu akianza kukohoa au kupumua kwa mluzi baada ya mlo, mpe dawa yake ya kuvuta na umuwahishe kituo cha afya. Mweleze mganga alichokula. Taarifa hiyo inaweza kumwepusha na shambulio lijalo.